Korneti Ughaibuni: Inalipa au Hailipi?

Haya ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Leo naongea tu, sipigi kitu, maana swali limezidi. Kila nikiweka video nikipiga solo ya korneti, yule ndugu mfupi wa tarumbeta, na bendi, mnaniuliza: hiyo tarumbeta inakulipa shilingi ngapi? Na wengi mmeshanihukumu. Nikisema inalipa, najisifu. Nikisema hailipi, nalalamika, na mtu ananiandikia kwamba kama pamenishinda nirudi. Basi leo nasema yote, kila mtu achukue linalomfaa.

Mimi hainilipi. Bendi ninayopigia hapa Toronto ni ya kujitolea, na wanachama ndio tunaotoa ada ili ukumbi upatikane na mwongozaji wa bendi apate chochote. Kodi ya nyumba inatoka kwenye kazi ya ghala, zamu ya usiku. Zile solo mnazozishangilia nazipiga nikiwa nimelala saa chache tu. Nasema hivi ili mjue, si ili mnionee huruma.

Sasa mtaniuliza, mbona Herbert Clarke, yule mpiga korneti maarufu wa zamani unayemtaja kila mara, aliishi kwa korneti? Ni kweli aliishi. Lakini tazameni aliishije, maana watu wanakumbuka midomo yake tu.

Alizaliwa Woburn, Massachusetts, 1867, akaletwa Toronto akiwa mtoto kwa sababu baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Mhamiaji, kama sisi. Akaingia bendi ya Queen's Own Rifles, kikosi cha hapa hapa mjini, na jeshi ndilo lililompa korneti ya kupigia. Mwaka 1892 akachukuliwa na bendi ya Patrick Gilmore kule Marekani, na Gilmore akafariki mwaka huo huo. Mwaka uliofuata yuko kwenye bendi ya John Philip Sousa, na huko ndiko jina lake lilikokua. Bendi ile iliishi kwa tiketi, treni leo, treni kesho, mara nyingi maonyesho mawili kwa siku, na mpiga solo anasimama mbele mara zote mbili. Ziara ya 1910 na 1911 iliwafikisha Afrika Kusini, Australia na New Zealand.

Mwaka 1917, akiwa na miaka 50, akaachana na Sousa. Akarudi Ontario, mji wa Huntsville, kuongoza bendi ya kiwanda cha ngozi ambacho mwenyewe, C. O. Shaw, naye alikuwa mpiga korneti. Mwaka 1923 akaenda Long Beach, California, kuongoza bendi ya manispaa, akakaa hadi 1943. Hebu hesabuni: jeshi, bendi yenye tiketi zinazouzika, tajiri wa ngozi, halmashauri ya jiji. Kila alipokwenda alimkuta mtu mwenye daftari la mishahara. Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa mno, lakini hakikumlisha peke yake.

Leo bendi za treni zimekwisha. Mshahara wa kila mwezi kwa kazi hii, upande huu wa dunia, uko zaidi jeshini. Na hapo ndipo makaratasi yalipo. Hadi mwishoni mwa 2022 jeshi la Kanada lilidai uraia kwa karibu kila mtu; ndipo likafungua mlango kwa wenye ukaazi wa kudumu. Mimi niliingia na kibali cha muda, kwa hiyo hata kujaza fomu sikuweza. Marekani nako, mwanamuziki mgeni hajiombei mwenyewe viza ya kwenda kupiga kwa malipo. Mwenyeji wake huko ndiye anayeomba, na ada inalipwa kabla ya jibu. Nilialikwa tamasha moja kule, solo nilishaishika kichwani. Jibu lilikuja tamasha limepita, na ada hairudishwi. Hilo bado linaniuma.

Kitu kingine ambacho hamniulizi ni meno. Korneti inakaa juu ya meno ya mbele. Hapa Ontario daktari humlipi, lakini meno ya mtu mzima kwa kawaida hayamo kwenye bima ya afya ya mkoa. Jino langu la juu lilipopata ufa, noti za juu zilikatika. Midomo inafunga, hewa inapenya pembeni, sauti inatoka na mchanga. Pesa ya kulitengeneza ndiyo ile ambayo binamu yangu, anajijua, aliitaka ya mchango wa harusi. Akaandika kwenye grupu la familia kwamba natembea na tarumbeta ya dhahabu halafu nabana mkono. Ndugu yangu, ile ni shaba imepakwa vanishi. Tena ya mtumba.

Na bado kila siku nafanya zoezi la Clarke, lile la kitabu cha 1912: polepole kwanza, sauti ya chini kabisa, vidole vitatu juu ya vali, vile vitufe vya kubonyeza, pumzi moja mpaka iishe. Majirani hawasikii kitu. Nalipenda zoezi lile kuliko makofi, na sitaacha kwa sababu halinipi hela.

Sasa yule mama aliyeuliza kama mwanawe aje huku na korneti yake. Mimi si wakala, na hali yangu si yake, labda yeye mambo yatamnyookea. Ningekuwa mimi, ningeanza na ukaazi kabla ya korneti. Karatasi zikishatoka, aandikie bendi za jeshi la akiba. Kwa kawaida wanafanya mazoezi jioni, wanalipwa kwa siku walizofanya kazi, na kazi nyingine ya mchana unabaki nayo. Kuna usaili wa kupiga, kipimo cha afya na uchunguzi wa usalama, na yote hayo yanaweza kuchukua miezi. Na kabla hajapanda ndege, aende kwa daktari wa meno huko huko nyumbani, amalize yote.