Wapangaji Wawili, Mlango Mmoja: Nakala ya Kompyuta Yenye Mifumo Miwili

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naanza na swali, na naomba kila mmoja ajijibu kimyakimya. Kompyuta yako ina Windows na Linux kwenye diski moja. Usiku wa leo diski hiyo ikifa, utairudishaje kompyuta kama ilivyokuwa? Siulizi habari za picha na barua tu. Nauliza habari za kompyuta yenyewe, pamoja na ile menyu inayokupokea kila ukiwasha na kukuuliza unaingia wapi.

Jibu la wengi nalijua: bakapu ya Windows ipo, na ya Linux ipo. Nami nililitoa jibu hilo kwa miaka, tena kwa kujiamini, mpaka diski yangu ilipogoma. Nakala ya Windows nilikuwa nimeitengeneza kwa zana yake yenyewe. Faili za Linux nilikuwa nimezinakili kwenye diski ya nje ileile, niliyoifomati kwa exFAT ili mifumo yote miwili iweze kuisoma. Nikapata diski mpya, nikaanza na Windows. Zana ya kurejesha ikaigawa diski nzima kwa namna iliyoijua yenyewe, bila kubakiza nafasi ya mfumo wa pili. Nikaibana patisheni ya Windows, yaani sehemu yake ya diski, nikasakinisha Linux upya, nikarudisha faili. Zilirudi zote. Lakini faili zote sasa zilikuwa na mmiliki mmoja na ruhusa za aina moja, na funguo zangu za ssh, za kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali, zikakataliwa kutumika kwa sababu sasa zilisomeka na kila mtu. Sikupoteza faili hata moja, ila nilipoteza siku tatu za kazi.

Tangu siku hiyo nimeielewa kompyuta ya namna hii kuwa nyumba ya wapangaji wawili yenye mlango mmoja. Siku ya kuhama, kila mpangaji hufunga mizigo yake kwa uangalifu. Mlango, kufuli na ufunguo havimo kwenye mzigo wa yeyote kati yao. Leo nitazungumza zaidi juu ya mlango huo, yaani vile vinavyoiamsha kompyuta, maana mizigo tayari ina watetezi wengi.

Tuitembee diski kuanzia mwanzo. Kompyuta nyingi za sasa hutumia jedwali la GPT, yaani orodha inayosema patisheni hii inaanzia hapa, inaishia pale, na ni ya aina fulani. GPT huandika orodha hiyo mara mbili, mwanzoni mwa diski na mwishoni kabisa, na huo ni mpango mzuri. Mara nyingi karibu na mwanzo hufuata patisheni ndogo ya EFI, yenye programu za kuiamsha mifumo, iliyofomatiwa kwa FAT32. Windows ikiitengeneza yenyewe, kwa kawaida huipa megabaiti 100 hivi. Ifungue ndani uone: folda ya Microsoft imekaa ubavuni mwa folda ya Ubuntu, au ya Linux yoyote uliyosakinisha. Mifumo hii miwili ambayo haielewani hata kwa herufi kubwa na ndogo inalala chumba kimoja cha megabaiti 100. Ndiyo maana nakala ya folda yako ya nyumbani, iwe safi vipi, haiwezi kuiamsha kompyuta.

Hapa kuna ushauri wa zamani ambao bado unapokezanwa: nakili baiti 512 za kwanza za diski, umemaliza. Ushauri huo ulizaliwa zama za MBR, mpangilio wa diski uliotangulia GPT. Wakati huo baiti 446 zilikuwa programu ya kuamsha mfumo, 64 zilikuwa jedwali la patisheni kuu nne, na 2 za mwisho zilikuwa alama ya uthibitisho. Hata enzi hizo haukutimia, kwa sababu patisheni za ziada, zile zinazokaa ndani ya patisheni nyingine, hazimo katika baiti hizo. Kwenye GPT, baiti hizo 512 kazi yake kubwa ni kuzionya programu za kale zisiidhanie diski kuwa tupu. Jedwali lenyewe haliko humo. Ukitaka kulihifadhi, iendeshe programu ya sgdisk kwa chaguo lake la --backup. Utapata faili ndogo sana, na unachotakiwa ni kuiweka nje ya kompyuta hiyo. Nasisitiza nje, kwa sababu nimewahi kuikuta imehifadhiwa kwa unadhifu kabisa ndani ya diski ileile inayoieleza.

Halafu kuna kipande cha mlango ambacho hakiko kwenye diski hata kidogo. Ubao mama una kumbukumbu yake ndogo, na humo ndimo ilimoandikwa orodha ya kuwasha: kwanza jaribu hii, ikishindikana jaribu ile. Ukibadilisha diski, au ukihamishia diski yako kwenye kompyuta nyingine, orodha hiyo haihami nayo. Unaweza kurejesha kila baiti ya diski bila kosa na bado kompyuta ikaingia Windows moja kwa moja kana kwamba Linux haijawahi kuwapo, au isiingie popote. Linux ina amri ya efibootmgr inayoionyesha orodha hiyo. Toa matokeo yake, yaweke pamoja na nakala nyingine. Siku ya tabu utaiandika upya kwa dakika chache ukiwa na karatasi mbele yako. Usipokuwa nayo utakisia.

Kama mnaona natia chumvi, kumbukeni Agosti 2024. Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililokusudiwa kuzuia programu za zamani, zenye kasoro, za kuamshia Linux. Sasisho hilo lilitakiwa liziruke kompyuta zenye mifumo miwili, lakini nyingine hazikutambuliwa kuwa hivyo. Watu waliwasha kompyuta na Linux ikakataliwa mlangoni. Faili zao zilikuwa salama, kila moja mahali pake. Kilichobadilika ni alama ya kiwango cha usalama iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ya ubao mama. Fikirini maana yake kwa somo letu: mtu aliyerejesha nakala kamili ya diski ya wiki iliyotangulia hakupata nafuu yoyote, kwa sababu tatizo halikuwa ndani ya diski.

Na lina mkia. Njia moja ya kutoka ilikuwa kuzima Secure Boot, yaani ule ukaguzi wa programu za kuamshia mfumo, kwa muda, kuifuta ile alama kutoka ndani ya Linux, kisha kuiwasha tena. Lakini kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli lake la siri la diski, kuzima Secure Boot kunaweza kuifanya ishtuke na kukudai ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48. Unajaribu kumfungulia mpangaji mmoja, mwenzake anajifungia. Tarakimu hizo 48 ni sehemu ya bakapu yako sawasawa na faili yoyote. Ziandike kwenye karatasi, na kaziangalie leo kabla hujahitaji kuziangalia.

Upande wa Linux nao una jambo la namna hiyo. Ukiwa umefunga patisheni kwa LUKS, kufuli la siri la diski la Linux, nenosiri lako peke yake haliifungui. Linafungua sehemu ndogo ya mwanzo wa patisheni, ambayo kwa LUKS2 ya kawaida huchukua megabaiti 16, na humo ndimo unamokaa ufunguo halisi. Sehemu hiyo ikiharibika, nenosiri sahihi halina cha kufungua. Programu ya cryptsetup ina amri ya luksHeaderBackup kwa ajili hiyo. Itumieni, lakini mjue kwamba nakala hiyo ni nyeti: aliyenayo pamoja na nenosiri lako la zamani anaweza kuifungua patisheni hata kama umelibadilisha.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, nalo ni la kuzima. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, Windows mara nyingi haizimiki kwa maana tuliyoizoea. Huandika hali ya kiini chake kwenye faili ya hiberfil.sys, kisha hulala, ili kesho iamke haraka. Patisheni yake inabaki kama kitabu kilichoachwa wazi katikati ya ukurasa. Ukiingia Linux na kuandika humo, au ukichukua picha ya diski nzima, yaani nakala moja ya vyote vilivyomo, unafanya hivyo wakati Windows inaamini bado imeshika kitabu. Linux hujilinda kwa kukataa kuandika, na zana za kunakili diski mara nyingi hugoma. Watu huudhika na kutafuta namna ya kuzilazimisha. Nawasihi msilazimishe. Rudini Windows, fungueni dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andikeni powercfg /h off, zimeni, kisha endeleeni. Kuwasha kutachukua sekunde chache zaidi. Mimi nazilipa sekunde hizo kila siku kwa moyo mkunjufu.

Nilitaja exFAT, na ni lazima niirudie, kwa kuwa wengi wenu mna diski ya nje ya aina hiyo. Kwa Linux, faili ina maandishi ndani yake, ila pia ina mmiliki, kundi, ruhusa na viungo vya kuelekeza kwingine. FAT32 na exFAT hazina mahali pa kuyaandika hayo, na FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Zaidi ya hayo, Linux huona Ripoti na ripoti kuwa faili mbili, na hukubali jina lenye nukta mbili kati ya saa na dakika. Windows kwa kawaida huona jina moja, na hukataa nukta mbili. Kwa hiyo faili za Linux ziende kwenye patisheni ya ext4, mpangilio wa Linux yenyewe, kwa programu ya kunakili ya rsync, au zifungwe kwanza ndani ya faili moja ya tar. Tar ni kama kapu lililoshonwa: diski ya nje haihitaji kuelewa kilichomo ili ikibebe salama.

Hata saa zina ugomvi wake. Windows huichukulia saa ya ubao mama kuwa saa ya mahali ulipo, Linux huichukulia kuwa saa ya dunia, UTC. Ukihama kutoka mmoja kwenda mwingine bila kurekebisha, saa huruka, na programu ya bakapu inayolinganisha tarehe za faili inaweza kuidhania faili ya zamani kuwa mpya. Chagueni saa moja kwa mifumo yote miwili, mapema.

Basi mimi nafanyaje? Nina nakala za aina mbili. Ya kwanza ni picha ya diski nzima, ninayoichukua kabla ya jambo kubwa: sasisho kuu la Windows, toleo jipya la Linux, kubadili ukubwa wa patisheni. Naiwasha kompyuta kwa flashi ya Clonezilla, programu ya kunakili diski, mifumo yote miwili ikiwa imezimika, nayo inachukua jedwali, patisheni ya EFI na vyote vilivyobaki kwa pamoja. Kwa NTFS, mpangilio wa Windows, na ext4 hunakili sehemu zenye data tu, hivyo picha haifiki ukubwa wa diski. Amri ya dd hunakili hata nafasi tupu. Ina kazi yake kwenye diski inayokufa au patisheni iliyofungwa isiyosomeka, ila kosea herufi moja ya jina la diski na umefuta ulichotaka kuokoa. Kumbukeni pia kwamba Clonezilla kwa kawaida hudai diski ya kurejeshea iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Ya pili ni nakala ya faili za kazi, kila siku, kila mfumo ukinakili zake. Diski ya nje huchomolewa kazi ikiisha, kwa sababu virusi vya kudai fidia hufunga pia kile kilichochomekwa. Na nakala moja hukaa mahali pengine kabisa.

Nimeulizwa hapa mbele: nitajuaje kwamba picha yangu inafanya kazi? Kwa kuirejesha kwenye diski nyingine. Njia ya mkato siijui. Ila kuna mtego. Diski iliyorejeshwa hubeba vitambulisho vilevile vya patisheni, na Linux hutafuta patisheni zake kwa vitambulisho hivyo vilivyoandikwa kwenye faili ya /etc/fstab. Ukiziacha diski zote mbili zimechomekwa, hujui imewasha ipi. Chomoa ya asili, washa, ingia Windows, toka, ingia Linux. Ikigoma kuwaka, angalia kama patisheni ya EFI ina folda iitwayo BOOT yenye faili ya BOOTX64.EFI. Hiyo ndiyo njia ya akiba ambayo ubao mama huijaribu usipokuwa na orodha yoyote.

Dada wa safu ya nyuma ameuliza kama afute kila kitu aanze upya, maana hakufuata hata moja kati ya haya. Hapana, dada. Ukifika nyumbani anza na vitu vinavyoingia kwenye flashi moja: jedwali la patisheni, folda yote ya patisheni ya EFI, matokeo ya efibootmgr, na nakala ya mwanzo wa LUKS kama unayo. Zile tarakimu 48 ziandike kwenye karatasi. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Picha ya diski nzima itafuata Jumamosi ukiwa na nafasi. Nimebeba flashi tatu zenye Clonezilla, na wenye kompyuta zao hapa wasogee meza ya mbele tuanze na jedwali.