Somo la Mwisho la Sayansi

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojipenyeza viti vya nyuma, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kufundisha misingi ya lishe kwa wanafunzi wasiosoma sayansi. Nitaanza na aibu yangu, kisha mtanisamehe mengine.

Ninaowafundisha wanasoma sheria, historia, uhasibu, muziki na lugha. Wameletwa kwangu na kanuni ya chuo inayowataka wachukue angalau somo moja la sayansi, na katika orodha nzima lishe ndilo lililoonekana halina meno. Wengi waliaga kemia walipomaliza sekondari na hawakutarajia kuonana nayo tena. Mimi, kwa ujana na kiburi, nikawakaribisha kwa muundo wa glukosi ubaoni siku ya kwanza. Wiki ya tatu tulikuwa kwenye mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa hatua za kemia ambazo seli hutumia kutoa nishati kwenye chakula. Walikariri, wakafaulu, na matokeo yakanipendeza.

Miaka miwili baadaye nikakutana na mmoja wao, binti aliyeongoza darasa. Tukasalimiana, akafurahi kuniona, akaniuliza: "Mwalimu, eti ni kweli maji ya limau yanayeyusha mafuta ya tumbo?" Alama ya A alipewa na mimi mwenyewe. Aliweza kunitajia vimeng'enya vinavyovunja mafuta kwa majina, lakini hakuwa na chombo hata kimoja cha kulipima dai alilosikia saluni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijikumbusha jambo moja. Kwa walio wengi katika chumba kile, hili ndilo somo la mwisho la sayansi maishani mwao. Nikikosea, hakuna mwalimu atakayekuja nyuma yangu kurekebisha. Na hawa ndio watakaotunga sheria za vyakula, watakaoandika habari za afya magazetini, watakaoidhinisha bajeti za milo ya shule. Basi kipimo changu cha nini kibaki katika mtaala si tena ugumu wa mada. Najiuliza kama mada hiyo itamsaidia mtu huyu kuuliza "tumejuaje?" baada ya daftari kupotea.

Kwa hiyo siku hizi naanza na ubaharia. Mwaka 1747, daktari wa meli aitwaye James Lind, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye. Fizi zimevimba, miguu haina nguvu. Akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Jozi moja ilipewa sida, yaani kinywaji cha matufaha yaliyochachuka, nyingine asidi ya salfa iliyozimuliwa, nyingine siki, nyingine maji ya bahari, nyingine machungwa na malimau, na ya mwisho dawa ya kusaga yenye kitunguu saumu na haradali. Matunda yaliisha baada ya siku 6 tu. Hata hivyo, mmoja wa waliopewa matunda alikuwa tayari anafaa kurudi kazini.

Hapo nanyamaza, nawauliza: kwa nini aliwapa wote chakula kimoja? Kwa nini asiwape wote machungwa, kama aliyaamini? Mwanafunzi wa sheria huwa wa kwanza kuona: bila wale wengine, huna cha kulinganisha. Neno "kundi la kulinganisha" nalileta baada ya wao kulihitaji, si kabla.

Halafu nawaharibia furaha. Lind aliandika kitabu mwaka 1753, jaribio lenyewe likachukua kurasa chache tu ndani ya mamia, na hakudai wazi kwamba kiseyeye ni upungufu wa kitu fulani katika mlo. Tena alipendekeza maji ya matunda hayo yachemshwe mpaka yawe mazito ili yahifadhike, na moto huo ukateketeza kilichokuwa kinaponya. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza maji ya limau yawe sehemu ya posho mwaka 1795. Wanafunzi wa historia hapo ndipo huamka kabisa. Wanataka kujua kilichochelewesha, na tunajikuta tunajadili gharama, vyeo na nadharia za magonjwa za wakati ule. Vitamini C inaingia mlango wa nyuma, na hakuna anayeiogopa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha kuku wa Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo. Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa kisiwani Java akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa unaodhoofisha neva na moyo. Kuku wake wa maabara wakapooza miguu, kisha baada ya miezi kadhaa wakapona wenyewe. Alipofuatilia akagundua kwamba msaidizi alikuwa akiwalisha mabaki ya wali mweupe kutoka hospitali ya jeshi, hadi alipokuja mpishi mpya aliyekataa wali wa wanajeshi uliwe na kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa vizuri, wakasimama. Urasimu wa mpishi mmoja ulifanya kazi ambayo darubini haikuiweza. Mwenzake Eijkman, Adolphe Vorderman, akakagua magereza zaidi ya 100 ya Java, akakuta beriberi inafuata mchele uliokobolewa. Na hakuishia kwenye mchele: aliangalia pia umri wa majengo, hewa na msongamano, asije akadanganywa na sababu nyingine iliyojificha.

Sasa sikilizeni hili. Eijkman mwenyewe aliisoma vibaya data yake. Alifikiri wanga una sumu, na kwamba ganda la mchele lina kinga dhidi yake. Ni Gerrit Grijns, aliyeendeleza utafiti wake, mwaka 1901, aliyesema kwamba hakuna sumu, kuna kitu kinachokosekana. Vijana waliolelewa kuamini kwamba ugonjwa lazima uletwe na kitu kibaya wanapata tabu kukubali kwamba unaweza kuletwa na kutokuwepo kwa kitu. Nikiweza kuwavusha hapo, orodha ya vitamini 13 wanaweza kuisoma wenyewe nyumbani.

Upande wa pili ni hesabu. Najua, wengine walikimbilia fasihi kwa sababu ya hesabu. Lakini hesabu ninayowadai ni kuzidisha kwa 4 na kwa 9. Gramu ya wanga au protini hutoa kama kilokalori 4, ya mafuta 9. Chukua chakula chenye gramu 10 za protini, 20 za wanga na 10 za mafuta. Nishati yake ni 40, jumlisha 80, jumlisha 90: kilokalori 210. Mafuta ni robo ya uzito, ila yanabeba asilimia 43 ya nishati. Sasa mwagia gramu 60 za maji. Uzito umefika gramu 100, mafuta ni asilimia 10, na kwa hesabu tu mtengenezaji anaweza kuandika kwenye pakiti "asilimia 90 bila mafuta". Hajasema uongo hata neno moja. Nishati ni ileile, nayo bado asilimia 43 inatoka kwenye mafuta. Darasa hucheka, kisha hukasirika, na hasira hiyo inanifaa sana.

Nawapa pia tangazo la mwaka 2015, pale shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilipoweka nyama za kusindikwa katika kundi moja na tumbaku. Vichwa vya habari vikapiga mayowe. Nawaambia wanasheria: kundi lile linapima nguvu ya ushahidi, halipimi ukubwa wa madhara. Wizi wa kuku unaweza kuthibitishwa bila shaka yoyote, na mauaji vilevile, ila hukumu hazilingani. Walisema gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya nini? Tuseme watu 50 katika 1,000 wangeipata kwa vyovyote. Nyongeza hiyo inawafikisha 59. Si jambo dogo, wala si mayowe yale.

Kwa sadfa, asilimia 18 inarudi katika kisa kingine nisichokiruka kamwe. Tafiti nyingi za kuangalia tu zilionyesha kwamba wanaokula vyakula vyenye beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A, hupata saratani ya mapafu kwa uchache. Basi nchini Finland wavutaji sigara zaidi ya 29,000 wakagawiwa kwa bahati nasibu, wengine vidonge vya beta-karotini, wengine vidonge bandia. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliokula beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Nawaomba wanafunzi watabiri kabla sijawaambia. Sijawahi kupata darasa lililotabiri sawa, na sidhani mimi ningeweza.

Kuna jambo ambalo halikuenda vizuri, nalo nalisema kwa sababu wengi wenu mnalifanya. Zoezi maarufu la kozi hii ni kumtaka mwanafunzi aandike kila alichokula kwa siku tatu, ajipime uzito, apige hesabu. Nililitoa kwa miaka. Muhula mmoja kijana mmoja aliacha kuja darasani. Alipokuja ofisini alinieleza kwamba alikuwa amepambana muda mrefu na tabia ya kujinyima chakula, na daftari langu limemrudisha alikotoka. Nilikuwa nimempa silaha nikaiita kazi ya nyumbani. Siku hizi wanachambua mlo wa mtu wa kubuni, na mizani haiingii darasani kwangu. Hawapotezi kitu kitaaluma, maana watu wakijiripoti wanachokula mara nyingi hupunguza, na daftari zile zilikuwa na ukweli nusunusu tangu mwanzo.

Wenzangu wa biokemia huniuliza kemia imekwenda wapi. Ipo, inaitwa ikihitajika. Mtu akiuliza kwa nini vitamini A ikizidi hudhuru ilhali C ya ziada nyingi hutoka na mkojo, hapo ndipo tunazungumza kuyeyuka katika mafuta na kuyeyuka katika maji, na ini kama ghala. Swali likitangulia, jibu hupata pa kukaa. Mzunguko wa Krebs nimeuacha, nakiri, na sijaukumbuka sana.

Mtihani wangu wa mwisho una swali moja lenye nusu ya alama zote. Mwanafunzi atafute dai lolote la lishe alilolisikia nje ya darasa, aeleze ni ushahidi gani ungemfanya aliamini, na upi ungemfanya aliache. Muhula uliopita mmoja alichagua maji ya limau. Alipendekeza makundi mawili, maji ya limau na maji matupu, mlo mmoja, miezi mitatu, na wapimaji wasiojua nani kanywa nini. Kisha akaongeza chini kwa mkato: "Ila washiriki watajua kwa ladha. Bado natafuta njia." Nilimpa alama zote. Njia hiyo nami sina, kwa hiyo kama kuna mwenye wazo, naona kipaza sauti kinapita upande wa kushoto.