Irabu fupi na ndefu za Kiingereza: kuvuta sauti hakutoshi

Ndugu walimu, wazazi na wanafunzi, jambo na karibuni.

Mtoto wa hapa Goma anaingia darasa la Kiingereza akiwa tayari na Kiswahili na Kifaransa mdomoni. Kwa irabu nyingine Kifaransa kinamsaidia. Kwa "i" hakimsaidii, maana "i" ya Kifaransa na ya Kiswahili zote hutamkwa ulimi ukiwa juu na midomo imetandazwa. Akikutana na ship na sheep anayasema sawasawa. Mwalimu anamwambia, "Vuta sheep!" Mtoto anavuta, lakini ship yake inabaki sheep iliyokatwa.

Kinachobadilika kwanza ni mkao wa mdomo. Sema "i" ya "siku" na uishikilie. Sasa legeza midomo, usitabasamu, ushushe ulimi kidogo kuelekea "e" ya "leso", bila kuifikia. Hapo katikati ndipo ilipo sauti ya ship, bit na fill. Ukisikika unasema "shep", umeshuka mno. Kwa "u" ni vilevile: "u" ya "kuku" ikivutwa inakupa fool na pool, punguza kuviringa midomo, ulimi ushuke kidogo, upate full na pull.

Kwenye "a" ndiko tunakoumia zaidi, kwa sababu cat, cut na cart kwetu zote zinaangukia "a" moja. Kwa cat, anza kama unataka kusema "e", kisha taya ishuke. Cut ni fupi, ulimi umetulia katikati. Cart ni ndefu, ulimi umerudi nyuma. Mwingereza wa London kwa kawaida haitamki ile "r", Mmarekani huitamka.

Sasa urefu wenyewe. Beat na bead zina irabu ileile, ila ya bead huchukua muda mrefu zaidi. Weka vidole kooni: "d" inatetemesha, "t" haitetemeshi, na konsonanti isiyotetemesha huikata irabu inayoitangulia. Matokeo yake, irabu "fupi" ya bid inaweza kukaribia urefu wa irabu "ndefu" ya beat. Anayefundisha kwa kuhesabu muda peke yake atapotea hapo. Na sisi tunaharibu zaidi tukiongeza "i" mwishoni, "biti", "bidi", kwa kuwa silabi zetu hupenda kuishia na irabu. Funga neno kwenye konsonanti, unyamaze.

Kuna mtego mwingine. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha kidogo, kwa hiyo finish inatoka "fiinish" na dinner inatoka "diina". Anayefikiri kwa Kifaransa anavuta mwisho wa village: "villeeji". Katika maneno hayo matatu mkazo uko mwanzoni, na irabu inabaki fupi.

Kuhusu tahajia, nitapita haraka. "E" isiyosomwa mwishoni hugeuza hat kuwa hate, na hop kuwa hope. Konsonanti mbili hulinda irabu fupi, kama hopping ikilinganishwa na hoping. Have, give na love hazifuati: Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa "v", basi "e" imewekwa kuifunika tu. Kwa nini "ee" inasomwa kama "i"? Zamani sheep ilisomwa kwa "e" ndefu na food kwa "o" ndefu, karibu kama Mswahili angeyasoma leo. Matamshi yakahama kati ya karne ya 15 na ya 18, maandishi yakabaki.

Zoezi la nyumbani: andika jozi 5, changanya maneno yote 10, umsomee mwenzako asiyeona mpangilio wako, yeye aonyeshe kwa kidole neno alilosikia. Akisikia sheep kila ukisema ship, rudi kwenye midomo. Akichanganya beat na bead, chunguza unavyomaliza neno.