Kushindwa Kubana Mkojo: Tuanze na Siku ya Mgonjwa

Wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu wa Ujiji, nawashukuru kwa kufika, kwani najua kukaa hadharani kwenye mada hii kumehitaji moyo. Nina ombi moja: mtu mzima anayevuja mkojo asiulizwe umri wake tu, bali aulizwe siku yake inakwendaje tangu alfajiri hadi anapolala, kwa sababu msaada usiolingana na kazi zake hatautumia.

Mtazameni mama anayejitwisha beseni la dagaa pale Kibirizi. Akiinama na kuinuka, tumbo hukaza, kibofu husukumwa na matone hutoka; naye hujifunga khanga mbili juu ya kitenge na kushinda bila kunywa maji. Hilo la maji linaniuma, kwani mkojo uliokolea huchokoza kibofu zaidi. Mama huyu anahitaji kuimarisha misuli ya chini ya nyonga, ile anayoikaza mtu anapozuia upepo usimtoke. Aikaze huku akihesabu taratibu hadi kumi, au hadi anapoweza, ailegeze, arudie mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu bila kukata tamaa. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu zoezi hili mwaka 1948, na hata leo ndilo tunaloanza nalo. Akiwa amekaa anaanika dagaa, hakuna atakayejua kwamba anafanya mazoezi. Kisha ajizoeze kuikaza kabla tu ya kuinua beseni au kukohoa.

Mzee anayebanwa ghafla na kuchelewa kufika chooni ana shida nyingine, nayo ichunguzwe kwanza: sukari, maambukizi na tezi dume. Akishapimwa, ajifunze kuchelewesha haja kidogo kidogo, akiongeza robo saa kila anapozoea, na apunguze kahawa ya barazani, si baraza yenyewe. Wapo pia walioacha kwenda msikitini kwa hofu ya twahara, ilhali wanazuoni walikwisha kulizungumzia: mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha wakati wa swala ukishaingia, kisha huswali. Namsihi azungumze na imamu wake.

Anayesafiri kwa treni kwenda Tabora achague behewa na kiti kilicho karibu na choo, abebe pedi za mkojo, kwani za hedhi hazihimili wingi huo, na kama anameza vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo, amuulize daktari saa ya kuvimeza, asiviache.

Lakini mwanamke ambaye mkojo humchuruzika usiku na mchana baada ya uchungu wa kujifungua wa muda mrefu asipewe zoezi wala kuambiwa avumilie. Hiyo huenda ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na kwa kawaida huzibwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imekuwa ikitibu fistula bila malipo. Kama yupo jirani yako, nione tukitoka, tuandike rufaa yake leo.