Gridi ya Leza na Zile Mbao za Harusi

BARAKA: Haya haya, karibuni tena. Leo tunarekodi kwa karakana yangu hapa Kariobangi Light Industries, ndio maana mnaskia watu wakigonga mabati huko nje, hiyo hatuwezi zima, mtuvumilie tu. Niko na Mwende.

MWENDE: Mambo vipi. Wacha nianze na aibu zangu mwenyewe kabla huyu hajanitangulia. Desemba nilipata oda ya mbao 24 za kukatia mboga, zawadi za harusi, jina la bibi, jina la bwana na tarehe. Nikachonga ya kwanza na mashine ya leza nikainua, woi, jina limeteremka upande wa kulia kama mtu ametoka baa.

BARAKA: (anacheka) Kwani ulikuwa unapanga aje?

MWENDE: Kwa macho bana! Naweka mbao, naambia leza izunguke mpaka wa mchoro na mwanga hafifu, nasukuma mbao kidogo na kidole, inazunguka tena, nasukuma tena. Ukifika mbao ya kumi macho yamechoka na ukisema iko sawa ni vile tu umeamua iko sawa. Niliharibu tatu. Moja nilipiga msasa mpaka ikawa nyembamba kuliko wenzake, hizo zingine mbili ziko kwangu jikoni, nakatia sukuma wiki juu ya jina la mtu hata simjui.

BARAKA: Pole. Sasa hiyo ndio kazi ya gridi. Unachukua MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliokandamizwa, hata ya milimita 3 inatosha, unaikaza chini ya mashine isitikisike, halafu unaambia mashine yenyewe ichore mistari kila sentimita moja, ya kulala na ya kusimama, na kila sentimita 5 unaweka mstari mweusi zaidi na namba. Yangu inafanya kazi eneo la milimita 400 kwa 400, so namba zinaenda 0, 50, 100, hivyo hivyo mpaka 400.

MWENDE: Si ningeprinti tu karatasi nibandike? Hapo tao wanaprinti karatasi kubwa kwa bei poa.

BARAKA: Usijaribu. Karatasi inajua rula, haijui mashine yako. Tuseme mashine yako haijasetiwa vizuri, ukiiambia itembee 100 inatembea 99. Ikichora gridi yenyewe, gridi pia itakuwa 99, sasa hao wawili wanasema uongo mmoja, ukiituma 250 itagonga pale pameandikwa 250. Lakini ukibandika karatasi, kila mtu ana ukweli wake hapo.

MWENDE: Haya, gridi iko. Mbao iko mkononi. Naweka wapi?

BARAKA: Mbao yako ni ngapi kwa ngapi?

MWENDE: 300 kwa 200.

BARAKA: Safi. Kona ya chini kushoto weka kwa 100, 100. Ukingo wote wa chini ufuate mstari, usiangalie kona peke yake, kwa sababu kona inaweza kuwa sawa na mbao imepinda. Sasa katikati ya mbao ni wapi? Nusu ya 300 ni 150, ongeza 100, ni 250. Nusu ya 200 ni 100, ongeza 100, ni 200. Kwa kompyuta unachukua mchoro wako unaandika katikati yake ikae 250 na 200. Bas. Mbao zote 24 zinakaa hapo hapo, kompyuta huigusi tena.

MWENDE: Ngoja, na hapo kuna mtego, mimi nilinaswa. Kwa LightBurn, ile programu ya kompyuta inayoendesha leza, lazima uchague Absolute Coords, yaani namba zihesabiwe kutoka sifuri ya mashine. Yangu ilikuwa imekaa kwa Current Position, so ilikuwa inaanzia pale kichwa kimesimama, gridi nayo imebaki tu urembo.

BARAKA: Na mashine iwe na zile swichi za pembeni, ukiwasha kichwa kinaenda kinagonga kona, kinajua sifuri ni wapi. Kama haina, unasukuma kichwa na mkono mpaka kona kabla ya kuwasha, na usukume vile vile kila siku, stima zikipotea katikati ya kazi ndio utajua nasema nini.

MWENDE: Kitu ingine ni ile taa nyekundu ya kuelekeza. Kwa mashine zingine imefungwa kando, inapiga kwa kupinda. Kwa gridi inaonyesha sawa kabisa, ukiweka mbao ya sentimita 2 juu, ile nukta inahama. Leza yenyewe inashuka wima, haijahama popote. Mimi nilikuwa naamini nukta.

BARAKA: Na shingo pia! Ukiangalia mstari simama uuangalie kutoka juu kabisa, ukiangalia ukiwa umekaa kwa kiti utaona uongo wa milimita 2, 3 hivi. Na miwani ya leza vaa, tafadhali.

MWENDE: Kuna siku kijana anayenisaidia alipiga deki akasukuma mashine kidogo tu, ile ya kufikia vumbi. Hakuna aliyejua. Flaski mbili baadaye... sitaki kuongea.

BARAKA: Miguu ya mashine ifungwe kwa ubao mmoja na gridi, kwa skrubu. Halafu usichome gridi kwa nguvu sana, ikiwa na makaa inapaka mbao nyeupe masizi chini. Pitisha kitambaa kibichi ikauke.

MWENDE: Na vitu vya mviringo?

BARAKA: Hizo kata katoni. Unaibandika juu ya gridi, leza inakata shimo, kitu kinaingia kwa shimo, katoni haitolewi mpaka oda iishe.

MWENDE: Sawa, lakini umesema uongo wao ni mmoja. Kama mashine imepinda, si mchoro pia utapinda, hata kama umekaa mahali pake?

BARAKA: Eee, hiyo gridi haitibu. Unapima kona kwa kona. Chukua mstatili wa 300 kwa 400 kwa gridi, kona kwa kona lazima iwe 500, pande zote mbili.

MWENDE: Yako umepima?

BARAKA: Yangu iko sawa.

MWENDE: Leta tepu. Shika huko... 502. Sasa hii ingine... 498.

BARAKA: Rudia.

MWENDE: 498, Baraka.

BARAKA: Na nina plaki 30 za Jumamosi. Zima hiyo maiki nitafute spana ya L.