Jibini la ndimu: jinsi ya kulitengeneza bila kuwarudishia bakteria njia

Karibu, mtazamaji. Mezani tuna lita 2 za maziwa ya ng'ombe, ndimu tano, chumvi kijiko kimoja cha chai, kipimajoto na kitambaa cheupe cha pamba.

Kitambaa kwanza. Kitumbukize kwenye maji yanayochemka pamoja na chujio na mwiko, dakika tano, uviache humo humo hadi utakapovihitaji. Chovya na kipimajoto: Dar iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayotokota yasome 100 au karibu kabisa. Kikisoma 92, jua kinakudanganya.

Sasa maziwa. Muulize muuzaji yamekamuliwa saa ngapi. Yaliyokamuliwa alfajiri yakazunguka na bodaboda juani mpaka mchana, yaache, hata kama utayachemsha. Bakteria aitwaye stafilokoka akipata muda wa kuzaliana humo huacha sumu isiyoharibika kwa kuchemsha: yeye atakufa, lakini utatapika vilevile.

Yaweke motoni, ukikoroga hadi chini yasishike. Yakikatika yenyewe kabla ya ndimu, yalikwishachachuka, mwaga. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuua bakteria wa magonjwa kama listeria, salmonela na brusela, ila sisi tunafika 90 kwa sababu jibini hili hukatika vizuri likiwa moto. Huna kipimajoto? Subiri yapande, punguza moto, koroga dakika moja zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwiko uliokoroga maziwa yangali mabichi, weka pembeni. Chukua ule wa kwenye maji ya moto.

Zima jiko, ngoja dakika mbili, kisha tia maji ya ndimu vijiko vinne vya chakula, kimoja kimoja, ukikoroga taratibu. Ona: mabonge yanajitenga, na maji yanageuka ya kijani-njano. Yakibaki meupe, ongeza nusu kijiko. Ukizidisha, jibini litakuwa chachu na kumomonyoka.

Chuja. Usilisuuze kwa maji ya bomba wala ya kwenye simtanki ili kupunguza uchachu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Nyunyiza chumvi, ni ya ladha tu, listeria huivumilia. Funga kitambaa, weka sahani na sufuria ya maji juu yake kwa dakika 30. Si usiku kucha mezani, kwa joto la hapa.

Likate vipande vidogo ili lipoe haraka, kwa kisu safi, kwenye kopo lenye mfuniko. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake, na kopo likae juu ya kuku na samaki wabichi, kamwe si chini yao. Limalize ndani ya siku tatu. Hapa listeria hutofautiana na wenzake: huendelea kuzaliana hata ndani ya friji, polepole, na jibini halibadiliki harufu wala rangi, hivyo kunusa hakusaidii. Kugandisha humsimamisha tu, hakumuui.

Mwaka 1985 mjini Los Angeles, Marekani, jibini laini lenye listeria liliugulisha watu 142, na kati yao vifo vilikuwa 48, vingi vya watoto waliokuwa tumboni na wachanga. Kosa lilidhaniwa kuwa maziwa mabichi kuchanganyika na yaliyokwisha kupashwa. Ni ule mwiko wetu, kwa kipimo cha kiwanda.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Jibini likikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, tupa, hata kama linauma. Mama mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu asile likiwa baridi: litie kwenye mchuzi wa nyanya, litokote hadi mvuke utoke katikati ya kipande, kisha lipakuliwe moto.