Umehamia Thunderbird na Barua Zimevurugika? Anza na Ctrl+U

Karibuni, ssebo na nnyabo. Leo tunatengeneza barua pepe zilizovurugika baada ya kuhama kutoka Outlook kwenda Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe. Kusakinisha na kuweka akaunti sionyeshi, najua umeshamaliza.

Tazama hapa: “ngâ€™ombe 3 wa Mbarara.” Si virusi. Mwandishi alitumia ritifaa iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, ni baiti 3. Programu imezisoma kwa Windows-1252, mfumo mwingine wa herufi, kila baiti ikageuka herufi, basi alama moja imezaa tatu. Kwenye Kiswahili, pamoja na ng'ombe, ng'ambo na ng'ara zetu, utakutana nayo kila siku.

Bonyeza Ctrl+U, chanzo cha ujumbe kinafunguka. Tafuta mstari wa Content-Type, usome charset, yaani mfumo wa herufi uliotajwa. Haipo? Au haifanani na maandishi? Rudi kwenye ujumbe, bonyeza Alt menyu itokee, kisha View, Repair Text Encoding. Kama charset ni UTF-8 na takataka bado zipo, barua iliharibika kabla ya kukufikia. Mwombe aliyeituma arudie.

Kiambatisho cha winmail.dat kisichofunguka, haraka haraka: kosa liko kwa mtumaji. Kwenye Outlook yake aende File, Options, Mail, achague kuandika kwa HTML. Mimi hupenda maandishi matupu, yanakula bando kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Unaona hii barua? To na Subject zimeshuka zikaingia ndani ya ujumbe. Sababu yake ni mstari mmoja mtupu. Kanuni ya barua pepe ni kwamba vichwa, yaani mistari ya juu kama To na Subject, vinaishia kwenye mstari mtupu wa kwanza. Ukijipenyeza katikati, vilivyobaki vinahesabiwa kuwa maneno ya barua.

Chini ya Local Folders unda folda, iite Karakana, uhamishie barua hiyo moja tu. Usifungue Inbox nzima ya GB 4 kwenye kihariri, kompyuta itaganda. Funga Thunderbird. Nimesema funga! Ikiwa wazi huku unahariri, mambo yanagongana.

Ingia kwenye folda ya profaili, pale Thunderbird inapohifadhi barua zako, kisha Mail, Local Folders. Kuna Karakana na Karakana.msf. Samahani, mwanga wa dirisha unapiga skrini... nageuza... sawa. Ile ISIYO na .msf ndiyo yenye barua. Inakili kwanza pembeni. Ifungue kwa Notepad++, usitumie Word kabisa. Futa mstari mtupu ulio kati ya vichwa. Ule wa mwisho, kabla ya maneno ya barua, uache! Ukiufuta huo, maneno yenyewe yatasomwa kama vichwa. Na mstari wa juu kabisa unaoanza na From bila nukta mbili usiuguse, huo ndio mpaka wa kila barua.

Hifadhi, kisha futa Karakana.msf. Soma jina mara mbili kabla ya kufuta: .msf ni faharasa tu, itajengwa upya. Ukifuta ile nyingine, barua imekwenda, na ndiyo maana tulinakili.

Fungua Thunderbird. Vichwa vimerudi juu.

Saa zinaonyesha nyuma kwa saa 3? Date haina kosa, majira ya kompyuta yamewekwa UTC, saa ya rejea ya kimataifa. Kwenye Windows usihangaike kutafuta Kampala, chagua Nairobi, UTC+03:00.